Na Wengineo

Simu iliita saa moja asubuhi, siku ile ile habari yangu ilipotoka. Nilikuwa nimeandika aya kama sita kuhusu hafla ndogo ya kuwapongeza watu wanaojitolea kuhesabu na kulinda ndege katika mkoa wa Tabora. Vyeti, soda, picha ya pamoja chini ya mwembe. Mhariri alitaka maneno 300, nami nikampa 300: jina la mgeni rasmi, jina la mwenyekiti, majina ya wawili waliozawadiwa darubini. Nafasi ikaisha. Nikamalizia na "na wengineo", nikatuma, nikaenda kulala.

Aliyepiga alikuwa mzee mmoja mfuga nyuki anayeishi kijijini, njia ya Sikonge. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Alipomaliza yote hayo ndipo akasema, bila hasira hata kidogo:

"Mwanangu, nimesomewa gazeti lako. Sasa nikuulize kitu. Mimi ndo wengineo?"

Nilicheka, halafu nikaona hachekí mwenzangu, nikanyamaza. Yule mzee amekuwa akiandika ndege kwenye daftari la shule kwa miaka mingi. Anajua korongo wanafika lini na wanaondoka lini, mti gani wana kiota, mwaka gani hawakuja. Hakuna anayemlipa. Nauli ya kwenda kwenye hesabu anajitolea mwenyewe mfukoni. Na mimi, mtu wa kalamu, niliyesomea kazi hii chuoni, nilikuwa nimemfuta kwa maneno mawili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiisoma upya historia ya mji huu nikiwa na swali moja tu: wengineo ni akina nani? Kiukweli, ukianza kuwatafuta kwenye njia ya misafara, utawakuta kila mahali. Ni njia yao. Wengine wote walikuwa wapita njia.

Tuanze na mtu ambaye jina lake lilibaki. Mwezi Novemba 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, waliingia Kazeh, makazi ya wafanyabiashara Waarabu katika nchi ya Unyanyembe, mahali ambapo leo ni Tabora. Pamoja nao alikuwepo Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa bahari hadi India, akaishi huko miaka mingi kabla ya kurudi pwani ya Afrika Mashariki akiwa mtu huru. Baadaye akasafiri tena na Speke pamoja na Grant kutafuta chanzo cha Nile, akasafiri na Stanley mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone, akasafiri na Cameron aliyevuka bara kutoka pwani hadi pwani. Safari nne kubwa, na zote zilipita hapa Tabora. Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ikampa medali ya fedha na pensheni. Akafariki mwaka 1885.

Sasa hapo mtu anaweza kusema: si alishukuriwa? Alishukuriwa, na ni vizuri. Lakini angalia ilivyochukua muda. Kati ya siku aliyofika Kazeh mara ya kwanza na mwaka wa medali kuna takriban miaka 20, na katikati yake vitabu vinene viliandikwa, vikauzwa, vikawapa waandishi wake umaarufu. Bombay yumo ndani ya vitabu hivyo, mara nyingi kama kichekesho, mara nyingine kama mtu mwaminifu. Maneno yake mwenyewe yanatufikia kupitia kalamu za watu aliowaongoza.

Toka mjini Tabora uende Kwihara, nje kidogo tu. Kuna tembe lililojengwa upya, leo ni makumbusho. Livingstone aliishi hapo kwa miezi kadhaa mwaka 1872, mwanzoni akiwa na Stanley, kisha peke yake akisubiri watu na mizigo kutoka pwani. Watu wakaja. Wakaondoka naye Agosti kwenda kusini. Mwaka uliofuata akafia katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, wakaamua jambo ambalo hakuna aliyewaagiza: wakaukausha mwili wake na kuubeba. Walipofika Unyanyembe mwezi Oktoba 1873 walimkuta Cameron, ambaye aliwashauri wamzike hapo hapo. Walikataa. Wakaendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone akazikwa Westminster Abbey. Chuma na Susi hawakuwepo kanisani. Walifikishwa Uingereza baada ya mazishi, wakakaa na mhariri wa shajara za mwisho za bwana wao wakimweleza nini kilitokea wapi. Kitabu kikatoka mwaka ule ule.

Jumuiya ile ile ya London ikatengeneza medali 60 kwa ajili ya watu wa safari ile, kila moja na jina la mtu wake. Wazo zuri kabisa. Tatizo ni kwamba medali zilipokuwa tayari, wengi wa wenye majina walikuwa wameshatawanyika. Mpagazi hakai kusubiri posta. Ameshapata msafara mwingine, ameshaoa kijiji kingine, au amekufa. Shukrani iliyochelewa inamkosa mwenyewe, inabaki kumpamba anayeitoa.

Najua kuna msomaji atanikatiza: wapagazi hawakujitolea, walikuwa wanalipwa. Ni kweli, na tusichanganye mambo. Wanyamwezi walikuwa wapagazi wa kazi, mafundi wa safari, waliojivunia kubeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee, kwa zaidi ya kilomita 800 hadi pwani. Walijadiliana ujira wao, na ukiwadhulumu walikuwa wanatua mizigo na kuondoka zao. Na njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa, ambao hawakujadiliana chochote. Kwa hiyo neno "kujitolea" tulitumie kwa adabu katika mji huu. Ninachosema ni kidogo zaidi ya hapo: kuna sehemu ya kazi ambayo ujira hauigusi. Hakuna mkataba uliosema Chuma na Susi wakatae ushauri wa Cameron. Sehemu hiyo ndiyo inayodai kutajwa kwa jina.

Na ndege je? Nao wana historia yao hapa, na inaanzia kwenye njia hiyo hiyo. Mwaka 1880 Wajerumani walituma msafara kuja kuanzisha kituo katika nchi hii. Miongoni mwao alikuwa mwanazuolojia kijana, Richard Böhm. Walikaa Kakoma, kusini ya Tabora, kisha Igonda. Böhm alikusanya ndege, akawachuna, akawaandika, na makasha yakaenda Berlin, ambako wataalamu Reichenow na Schalow waliyafungua na kukuta ndege wasiojulikana kwao. Wakawapa majina. Kuna ndege mla nyuki mwenye utosi wa kahawia, anaitwa Merops boehmi, 1882. Kuna mmoja mdogo anayefanana na mbayuwayu, mkia mfupi kana kwamba umekatwa kwa mkasi, Neafrapus boehmi, mwaka huo huo. Kuna mdaka wadudu wa miombo mwenye madoa kifuani, Muscicapa boehmi, 1884.

Sina ugomvi na Böhm. Mwenzake Kaiser alifia karibu na Ziwa Rukwa mwaka 1882. Yeye mwenyewe alifia Katanga mwezi Machi 1884, hajatimiza miaka 30. Alilipa. Lakini ebu piga picha ya lile kasha la ndege likitoka Igonda. Kuna aliyejua mti gani ndege yule anatua jioni. Kuna aliyepika. Kuna aliyelibeba kichwani, likiwa limepakwa sumu ya kuzuia wadudu, akavuka Mgunda Mkali bila maji, akapanda Usagara, akateremka hadi pwani. Katika majina yote hayo ya Kilatini, la mtu huyo halimo. Yeye ni "na wengineo" wa sayansi.

Je, hakuna hata Mwafrika mmoja wa zamani aliyepewa ndege? Yupo, na kisa chake kinauma kwa namna yake. Tuvuke mpaka tena hadi Zambia. Septemba 1964, mahali paitwapo Mayau, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, alipatikana ndege mdogo mwenye mdomo mnene na kifua cheupe, tofauti na ndugu zake wote waliojulikana. Mwaka uliofuata Benson na Irwin wakamtangaza kuwa aina mpya, wakamwita Pogoniulus makawai, kwa heshima ya Jali Makawa, aliyefanya kazi na Benson kwa miaka mingi akitafuta ndege. Anasifiwa kuwa na jicho na sikio ambavyo wasomi walivitegemea.

Basi, furaha. Isipokuwa kwamba ndege wa pili wa aina hiyo hajawahi kupatikana. Watu wamerudi Mayau tena na tena, hawajamwona. Mwaka 2018 watafiti wakachapisha matokeo ya kupima vinasaba vya yule mmoja aliyehifadhiwa Uingereza, wakakuta kwamba anaangukia ndani ya aina nyingine ya kawaida inayojulikana siku nyingi. Pengine hakuwa aina mpya hata kidogo. Alikuwa ndege wa kawaida aliyezaliwa na rangi isiyo ya kawaida. Yaani ndege wa Böhm wanaendelea kuruka Tabora kila asubuhi, na ndege wa Makawa amelala kwenye droo, na huenda hata jina lenyewe likafutwa.

Siku hizi dunia inagombania majina haya. Novemba 2023 chama kikuu cha wataalamu wa ndege wa Marekani kilitangaza kwamba kitabadilisha majina ya Kiingereza ya ndege wote wa eneo lake walioitwa kwa majina ya watu, kwa sababu baadhi ya watu hao walikuwa na mikono michafu. Wengine wakashangilia, wengine wakanuna. Mimi nikiwa Tabora nilijiuliza swali tofauti. Tukifuta jina la mkubwa, jina la mdogo litaingia lini? Kufuta ni kazi ya dakika moja. Kuandika ndiko kunakohitaji uvumilivu.

Kuna mfano mmoja wa kuandika ninaoupenda. Krismasi ya mwaka 1900 Frank Chapman, mtaalamu wa ndege wa Marekani, aliwaomba watu, badala ya kwenda kuwinda ndege kama ilivyokuwa desturi yao ya sikukuu, waende wakawahesabu. Walijitokeza 27. Walipotuma hesabu zao, gazeti lake likazichapa pamoja na majina ya waliohesabu. Hakukuwa na medali wala sherehe. Mahali, saa, hali ya hewa, ndege, jina lako. Hesabu hiyo inaendelea mpaka leo, na imekuwa moja ya kumbukumbu ndefu kuliko zote duniani kuhusu ndege. Mtu wa kawaida aliyesimama kwenye baridi mwaka 1900 bado anasomeka.

Sisi nasi tunahesabu. Kila Januari, katika nchi nyingi, watu huhesabu ndege wa majini. Utaratibu huo wa kimataifa ulianza mwaka 1967, na Tanzania ilifanya hesabu yake kubwa ya pamoja Januari 1995. Magharibi mwa mkoa wetu kuna ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, lenye hekta 3,250,000. Humo anaishi korongo nyangumi, yule ndege mrefu wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu cha mbao, anayesimama bila kutikisika hata ukadhani ni kisiki. Eneo kubwa kiasi hicho hakuna serikali inayoweza kulitazama kwa macho ya waajiriwa peke yao. Na atlasi ya ndege wa Tanzania, nchi yenye aina zaidi ya 1,100, iliyosimamiwa kwa miongo kadhaa na Neil na Liz Baker, imejengwa kwa taarifa za watu waliotuma walichokiona: leo wapi, nani, wangapi. Kwenye ramani kila taarifa inageuka kuwa nukta. Nukta haina jina.

Nilirudi kwa mzee kuomba radhi. Nilimkuta kwenye mizinga yake. Nikamwambia "mwangaluka", akacheka Kinyamwezi changu, akanikaribisha kigodani. Nikamweleza habari za Bombay, za medali 60, za ndege wa Makawa. Alisikiliza yote, kisha akaniuliza kama namfahamu ndege mwonyesha asali.

Nani asiyemfahamu, kwa watu wa Tabora? Ndege huyu mdogo wa kijivu anakuja mbele yako akipiga kelele, anaruka mti hadi mti akikusubiri, mpaka unafika kwenye nyuki. Wewe una moto na shoka, yeye anajua mahali. Unachukua asali. Yeye anataka nta. Wazee wanasema usipomwachia sega, safari ijayo atakupeleka kwa simba.

Baada ya mazungumzo yale nilitafuta zaidi, na nikakuta utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu Wayao wa Niassa, Msumbiji, watu wa kabila lile lile alilozaliwa Bombay. Wanapotumia sauti maalumu waliyorithi kwa baba zao, uwezekano wa ndege kuwaongoza unapanda kutoka asilimia 33 hadi 66, na uwezekano wa kuonyeshwa nyuki kabisa unatoka asilimia 16 hadi 54. Ukimwita kwa mwito wake, anakuja. Na wakishapata asali, Wayao humwekea sega mahali anapoliona. Lakini Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, mafundi wakubwa wa asali, wameonekana wakifanya kinyume: wanaificha nta au kuichoma, ili ndege abaki na njaa aendelee kuwaongoza.

Nilimpigia mzee simu kumweleza. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Zote ni akili. Ila mimi nimeshakuwa yule ndege wa kuchomewa nta. Sitaki kuwa tena."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hafla yetu, na vyeti vyake na picha yake chini ya mwembe, inaweza kuwa sega au inaweza kuwa njia ya kumbakisha mtu na njaa. Ukimpa mtu cheti mara moja kwa mwaka ili arudi Januari kwa nauli yake, bila kumwambia hesabu zake zilifika wapi, bila jina lake kuwepo mahali hesabu ilipo, huo ni ujanja wa kuchoma nta. Medali haikosi maana, lakini medali inakaa sandukuni. Jina lililo pembeni ya kazi linasafiri na kazi.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na yanaanzia kwa mimi mwenyewe mwenye kalamu. Kwenye kila fomu ya kuhesabu ndege pawe na mstari wa jina la aliyemwona, si wa mkuu wa kikundi tu, na jina hilo lisikatwe njiani taarifa inapopanda juu. Ripoti ikitoka, irudi kijijini ikasomwe kwa sauti. Nauli ilipwe kabla ya hotuba. Na sisi waandishi, maneno yakizidi 300, tukate sifa za mgeni rasmi.

Nilimuuliza mzee kama naweza kutaja jina lake katika makala haya, kufuta kosa langu. Alikataa. Akasema hapa si mahali pake. Huku ni kwa watu wa vitabu, na yeye hahitaji kujulikana na watu wasiojua korongo ni nini. Akaingia ndani, akatoka na daftari lake, ganda limelainika kama ngozi, akalifungua ukurasa wa Januari. Safu ya tarehe, safu ya mahali, safu ya ndege, safu ya idadi. Pembeni kabisa alikuwa amepiga mstari mwingine kwa rula, akaanza kuujaza upya kuanzia mwanzo wa daftari, ukurasa kwa ukurasa, kwa herufi kubwa. Jina lake, kila mstari.

"Hili ndo uliandike," aliniambia. "Kule kwenye fomu."